Netiboli na kikapu kwa mtu mmoja: nini ununue kimoja, nini ununue viwili

Donna Wilkins wa New Zealand alivaa medali ya fedha ya netiboli kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Kuala Lumpur mwaka 1998. Miaka miwili baadaye alikuwa Sydney kwenye Olimpiki, safari hii na timu ya taifa ya kikapu. Kwetu watu wa aina hiyo hawafiki Olimpiki mara kwa mara, ila wapo. Msichana mrefu shuleni hugombaniwa na timu zote mbili inapokaribia UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, na mara nyingi mwalimu anayepuliza filimbi asubuhi kwenye netiboli ndiye huyohuyo wa kikapu jioni. Mtu huyo akiingia dukani na hela ya kubana anauliza swali moja: kipi naweza kutumia pande zote mbili?

Jibu letu kwa ufupi: raba pea moja inatosha, mradi iwe ya aina sahihi. Kiwanja kimoja kinatosha. Mpira mmoja hautoshi, na hapa hakuna mjadala. Goli la netiboli usilinunue dukani, mpe fundi wa kuchomelea vipimo.

Tuanze na mipira, maana ndiko hela nyingi zinakopotea.

Mpira wa netiboli ni saizi 5, mzunguko sm 69 hadi 71, uzito gramu 400 hadi 450. Mpira wa kikapu wa wanaume ni saizi 7, mzunguko sm 75 hadi 77, gramu 580 hadi 620. Wa wanawake ni saizi 6, sm 71.5 hadi 73, gramu 510 hadi 550. Ukiushika wa netiboli mkono huu na wa saizi 6 mkono ule, macho hayaoni tofauti kubwa. Mikono inaiona. Timu ya netiboli inayofanyia mazoezi mpira wa kikapu inazoea kusukuma kwa bega na kiwiko. Siku ya mechi inapewa mpira mwepesi kwa karibu gramu 100 au zaidi, na pasi ndefu za robo ya kwanza zote zinapita juu ya vichwa vya wapokeaji. Kocha anapiga kelele "tulieni", kumbe tatizo si utulivu.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Mpira wa netiboli haukutengenezwa kudundwa. Unajazwa upepo mwingi kuliko wa kikapu, PSI (kipimo cha presha ya upepo) 11 hadi 12, wakati mipira mingi ya kikapu imeandikwa PSI 7 hadi 9 karibu na vali. Ukiudunda unaruka haraka na kwa juu, mchezaji anajifunza kuupiga badala ya kuusindikiza kwa vidole. Ukipunguza upepo ili udundike vizuri, umeharibu pasi zake za netiboli.

Upande wa kufunga tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mpira wa netiboli una kipenyo cha sm 22 na rimu yake ni sm 38, hivyo nafasi inayobaki ni sm 16. Wa kikapu saizi 7 una kipenyo cha sm 24 na rimu ni sm 45, inabaki sm 21, tena kuna ubao wa kusaidia. Mfungaji wa netiboli hana ubao. Lazima aurushe juu ili uingie ukitokea juu. Anayetoka kikapu huja na mrusho wa chini ulionyooka, na mpira unagonga ukingo wa mbele wa rimu. Hilo halirekebishiki kwa maneno, linarekebishika kwa kurusha mpira halisi kwenye rimu halisi, mara nyingi.

Sasa ngozi ya mpira. Kwa kikapu kuna aina tatu: raba, ngozi bandia na ngozi halisi. Kiwanja chako kikiwa cha zege, chukua raba na usisikilize sifa za nyingine. Ngozi bandia ni tamu mkononi, lakini zege ni msasa: vipele vya juu ya mpira vinalainika, na baada ya hapo mkono wenye jasho haushiki kitu. Ngozi halisi ni ya sakafu ya mbao tu. Soma maandishi kwenye mpira wenyewe, kwa kawaida yanaeleza kama ni wa ndani au wa nje. Muuzaji akisema "huu wa kote kote", uliza umetengenezwa kwa nini. Alama ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ni ya kutafuta ukiwa na ligi rasmi. Kwa mazoezi ya shule si lazima.

Kwa netiboli, raba yenye vipele ndiyo ya kuchukua. Vipele ni muhimu kuliko kwenye kikapu kwa sababu mchezo mzima ni kudaka na kuachia ndani ya sekunde 3. Pita ukucha juu yake: ukikwama kidogo, bado mzima. Ukiteleza, upeleke kwenye mazoezi ya kufunga, usiutumie kwa pasi. Mwambao wa pwani, ambako unyevu hauishi, mpira uliolainika ni sawa na sabuni.

Kabla ya kulipa, fanya haya papo hapo dukani. Omba ujazwe upepo hadi namba iliyoandikwa, usikubali mpira uliolegea wa kwenye rafu. Zungusha futikamba ya fundi cherehani katikati, kisha upande wa pili. Zikitofautiana kwa sentimita nzima, rudisha. Urushe juu huku ukiuzungusha na uutazame: ukiyumba kama yai, uzito wake uko upande mmoja. Kwa wa kikapu kuna kipimo kizuri kisichohitaji mashine. Weka alama ukutani kwa mita 1.80, shikilia mpira sehemu yake ya chini ikiwa kwenye alama, uachie tu bila kuusukuma. Sehemu ya juu ya mpira irudi kati ya mita 1.20 na 1.40. Rudia ukiugeuza, maana mpira mbovu unaruka vizuri upande mmoja na kufa upande mwingine.

Sindano ya pampu ndiyo muuaji mkubwa wa mipira. Ikiingia kavu, au imepinda, inachana mdomo wa vali, na upepo unaanza kuvuja polepole hadi mtu anasema "mpira feki". Ilowanishe kwa tone la gliserini, ingiza imenyooka, usiizungushe. Mafuta ya kupikia na mafuta ya mgando yanalainisha raba ya vali mpaka inalegea, yaache nyumbani.

Usipeleke mpira kwa mtu wa kujaza matairi. Chini ya ngozi kuna nyuzi zilizozungushiwa tyubu, na hizo ndizo zinazoshikilia umbo la duara. Upepo ukiingia kwa nguvu, nyuzi zinakatika sehemu moja na mpira unatoa nundu. Nundu haitibiki. Fundi anayekuambia ataishusha anakula hela yako. Jua nalo linafanya kazi ileile taratibu. Mpira wa netiboli uliojazwa PSI 11.5 asubuhi kwenye nyuzijoto 25, ukiachwa ndani ya gari hadi hewa yake ifike nyuzi 45, unapita PSI 13 bila mtu kuugusa, na gundi nayo imelainika kwa joto hilohilo. Ndiyo maana kipimo cha presha tunakiweka juu ya orodha kuliko mpira wa tatu. Kidole gumba hakiwezi kutofautisha 8 na 11, na mwenye michezo miwili anazihitaji zote mbili kila siku. Kama kipimo chako kinasoma kilopaskali, za netiboli ni 76 hadi 83.

Raba za kuvaa ni habari nyingine, hapa unaweza kuokoa hela.

Netiboli inaumiza miguu kwa kusimama. Mchezaji anakimbia, anaruka, anadaka, anatua, na hapohapo lazima asimame, maana mguu wa kwanza kutua ukishanyanyuliwa hauruhusiwi kugusa tena chini kabla mpira haujatoka mkononi. Kikapu kinaumiza kwa kuhama upande kwa upande wakati wa kulinda, na kwa kutua juu ya mguu wa mtu mwingine chini ya rimu. Kiatu kinachoweza yote mawili ni cha kikapu, cha shingo ya chini au ya kati. Huo ndio uamuzi wetu. Viatu vilivyobuniwa kwa netiboli kama ASICS Gel-Netburner ni vizuri na vinafaa pia uwanja mgumu, ila kwenye maduka yetu ni kama kumtafuta kakakuona. Ukikutana navyo mitumbani Karume au Gikomba na ni saizi yako, usijiulize mara mbili, lakini usiahirishe msimu kwa kuvingoja.

Kisichofaa kwa mchezo wowote kati ya hii miwili ni raba za kukimbilia, na ndizo tunazoziona zaidi uwanjani. Zina sponji nene, laini, na kisigino kirefu. Zimetengenezwa kwa mtu anayekwenda mbele tu. Ukikata kona, sponji inabonyea upande wa nje, kifundo cha mguu kinaifuata, na wiki tatu zimeondoka. Za mpira wa wavu zinanata vizuri ndani ya ukumbi lakini soli yake laini inaliwa na zege upesi.

Kiatu kikiwa mkononi, bana kisigino chake kwa vidole viwili: kisibonyee. Kunja mbele: kikunjike pale vidole vinapokunjika, si katikati ya unyayo. Kipinde kama unakamua nguo: kigome. Kikikubali kupindika kama chapati, kirudishe. Tazama soli kutokea juu, upande wa kidole kidogo. Ikiwa imetokeza nje kidogo kuliko mwili wa kiatu, hiyo ndiyo inayozuia mguu kubingirika. Michoro ya soli iwe ya zigizaga na yenye kina, hasa sehemu ya mbele chini ya kidole gumba ambako mguu unazungukia. Kijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi za mechi. Wasichana wengi wanaishia kununua saizi za wanaume na kisigino kinachezacheza. Pitisha kamba kwenye tundu la mwisho la juu, lile wengi wanaloliacha, ufanye kitanzi kila upande, ukatishe kamba ndani yake, kisha ukaze.

Kuhusu shingo ndefu: wengi wanaamini inazuia kuteguka. Inampa mtu ujasiri, lakini haichukui nafasi ya kifundo chenye nguvu. Dakika tano za kusimama kwa mguu mmoja macho yamefumbwa, kila siku, zinafaa kuliko sentimita tano za ngozi. Na kunata kupita kiasi si sifa. Soli mpya kabisa ikishika sakafu wakati goti limeshaanza kuzunguka, kinachoumia ni kano za goti. Zivae mpya kwenye mazoezi mepesi kwanza.

Mitumba ina mtego mmoja ambao hata wazoefu unawanasa. Kiatu kinaonekana kipya, kimevaliwa mara mbili, bei nzuri. Siku ya kwanza uwanjani soli inamomonyoka kama andazi la juzi. Sababu ni kwamba sponji ya poliyurethani inaharibiwa na unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa kabatini, na kukaa bila kuvaliwa hakukiokoi. Bonyeza pembeni ya soli kwa kidole gumba. Ukiona mistari midogo ya kupasuka au unga, achana nacho. Chungulia pia kibandiko cha ndani, mara nyingi kwenye ulimi, viatu vingi vimeandikwa tarehe ya kutengenezwa.

Soli ikianza tu kuachia mbele, mpe fundi viatu mapema. Mwambie asugue pande zote mbili kwa msasa, afute vumbi, apake gundi pande zote, aiache ikauke mpaka isinate kidoleni, ndipo abane. Gundi iliyopakwa juu ya vumbi inaachia kabla ya mwisho wa wiki. Kisha ashone ukingo. Asikuwekee soli ya tairi: haichakai, kweli, lakini juu ya sakafu laini utateleza kama uko barafuni.

Sasa kiwanja na magoli. Michezo hii ni ndugu wa tumbo moja. James Naismith alianzisha kikapu Springfield, Massachusetts, Desemba 1891, na vikapu vilipigiliwa kwenye ukingo wa ghorofa ya ukumbi, futi 10 kutoka chini. Netiboli ilichipuka Uingereza kutokana na kikapu cha wanawake. Ndiyo maana rimu zote mbili hadi leo ziko mita 3.05.

Kufanana kunaishia hapo, na hapa ndipo shule nyingi zinakosea: zinachomelea rimu ya netiboli kwenye ubao au nguzo ya kikapu. Ubao wa kikapu umeingia mita 1.20 ndani ya kiwanja. Goli la netiboli linasimama kwenye mstari wa mwisho. Duara la kufungia lenye nusu kipenyo cha mita 4.9 linapimwa kutoka hapo, kwa hiyo rimu ikihama, mfungaji anazoea umbali ambao hatakutana nao popote.

Mpe fundi vipimo hivi kwenye karatasi, si kwa mdomo. Bomba la nguzo kipenyo kati ya mm 65 na 100. Nondo ya rimu mm 15, mviringo wake mm 380 upimwe ndani kwa ndani. Kikono kutoka kwenye nguzo hadi rimu mm 150. Juu ya rimu mpaka sakafuni mita 3.05. Kosa la kwanza la mafundi ni kupima rimu nje kwa nje, unapata tundu la sm 35, na wafungaji wanalia bila kujua sababu. La pili ni kupima urefu kabla sakafu haijamwagwa, goli linaishia fupi kwa unene wa zege. La tatu, kikono kirefu, "ili lionekane zuri". Zika bomba kubwa kidogo ardhini kama ala, nguzo iingie na kutoka, na uwe na kifuniko. Kabla ya mazoezi ya kikapu, ng'oa nguzo. Mtu aliyekaza macho kwenye ubao haioni nguzo iliyo nyuma yake.

Kiwanja cha netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25, cha kikapu 28 kwa 15, basi kimoja kinakaa ndani ya kingine. Mistari yote ni sm 5, rola moja inatosha, rangi ziwe mbili. Shida iko pembeni. Kikapu kinapimwa kutoka ukingo wa ndani wa mstari, netiboli mstari ni sehemu ya kiwanja. Ukichora yote sawasawa, mistari miwili ya pembeni inaachana kwa sm 2.5 tu. Msichana anayekimbilia mpira haoni mistari miwili, anaona utepe mmoja mnene. Na sheria zake zimegeuzana: kwenye kikapu ukikanyaga mstari umetoka, kwenye netiboli ukiukanyaga bado uko ndani. Timu zinazotumia kiwanja kimoja zinapoteza mipira hapa kuliko penginepo, na kocha anafikiri ni uzembe. Chora wa netiboli kwa rangi kali zaidi. Wa kikapu, kama hakuna mechi rasmi, wachezaji waelekezwe kwamba utepe wote ni nje.

Hela ikiwa haitoshi vyote, tungeanza na mpira mmoja wa netiboli wa raba, mpira mmoja wa kikapu saizi 6, pampu, sindano tatu na kipimo cha presha. Saizi 6 kwa sababu wasichana ndio wanaocheza michezo yote miwili, na wavulana wanaweza kuufanyia mazoezi ya kudunda bila madhara. Msichana aliyekulia saizi 7 anarusha kwa kiuno, na kumwondolea tabia hiyo ni kazi ya msimu. Bibu za netiboli, vile vizibao saba vyenye herufi za nafasi za wachezaji, zinaweza kushonwa mtaani. Hakikisha tu herufi zina urefu wa sm 15 na ziko mbele na nyuma, na kitambaa kisiwe kile cha kuteleza kinachopandisha herufi hadi shingoni. Filimbi, chukua isiyo na kokoto ndani. Ikiingia mate au vumbi, ile yenye kokoto inakwama katikati ya mlio.